Jinsi ya kumkamata mdaiwa angani: mwongozo kwa wanaotunga stori na gemu za vyombo vya anga

Kuna kitu kinanikera kwenye stori nyingi za anga. Nahodha ana deni la chombo, kachelewesha rejesho mbili tatu, mara paap wametokea jamaa wenye mabunduki wanamkimbiza kwenye mawe ya angani, wanafyatua, wanatoboa chombo, moshi kila kona. Sasa mkopeshaji gani huyo anayeipiga mabomu dhamana yake mwenyewe? Chombo ndo hela yake ile. Ukikitoboa umejitoboa mfuko.

Nimeshatunga kampeni kadhaa za gemu ya mezani zenye deni ndani yake, na kila nikirudi kwenye mambo ya kweli, meli za baharini, ndege, satelaiti, naona kwamba kukamatwa kwa deni ni kitu cha polepole, cha karatasi, na kinatisha kuliko bunduki. Hizi hapa hatua ninazofuata mimi, we ruka unayoona haikuhusu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mkopo kabla hujaandika hata mstari

Usiseme tu "anadaiwa hela nyingi". Nyingi kiasi gani? Gemu ya mezani ya safari za anga iitwayo Traveller, iliyotoka 1977, ilikuwa na kanuni rahisi mpaka leo naitumia: unatanguliza asilimia 20 ya bei ya chombo, alafu kila mwezi unalipa bei hiyo gawanya kwa 240, kwa miezi 480. Yaani miaka 40.

Chukua chombo cha krediti (hela ya kwenye gemu) milioni 40, tukiite Mvumilivu. Unatanguliza milioni 8. Kila mwezi unatoa kama 166,667. Ukimaliza umetoa milioni 88 kwa kitu cha milioni 40, mara mbili na ushee, na ukichimba kwenye hizo namba utakuta riba yenyewe ni kama asilimia 5.6 tu kwa mwaka. Sio kausha damu hata kidogo. Ni muda ndo unaokula mtu. Na hapo hujaweka mafuta, mishahara, ushuru wa gati, bima, matengenezo. Weka hizo namba kwenye karatasi pembeni, maana zitakuambia mwenyewe nahodha wako ataanza kukwama mwezi wa ngapi, huna haja ya kubuni.

Hatua ya 2: Amua saa ya nani inahesabu riba

Hapa ndo penye utamu wote, na watu wengi wanaparuka.

Kama vyombo vyako vinaenda polepole ndani ya mfumo wa jua hili halikuhusu sana. Ila kama vinakaribia kasi ya mwanga, muda wa ndani ya chombo na muda wa nyumbani vinaachana. Chukua safari ya miaka nuru 8 (mwaka nuru mmoja ni umbali ambao mwanga unaukata kwa mwaka) kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga: walioko kwenye sayari wanahesabu miaka 10, we uliyemo ndani unahesabu 6. Sasa ulikopa milioni 1 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, riba juu ya riba. Kwa saa yako unadaiwa 1,340,096. Kwa saa ya benki ni 1,628,895. Tofauti ni karibu laki tatu na hakuna aliyedanganya hapo, kila mtu saa yake iko sahihi kabisa.

Mwanauchumi Paul Krugman aliwahi kulichambua hili mwaka 1978, kiutani lakini kwa hesabu za kweli, na jibu lake ni kwamba riba ya mzigo ulioko njiani ihesabiwe kwa saa ya sayari, sio ya chombo. Sababu yake inaingia akilini: hela ile ile ingebaki nyumbani ingekuwa imezaa kwa ile miaka 10 yote, kwa hiyo anayekopesha akubali 6 kwa lipi?

Kwa stori yako chagua moja na uiandike kwenye mkataba, tena iweke ule ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Na usiishie kwenye riba. Notisi ya siku 30 ni siku 30 za wapi? Nahodha anatia nanga anajua bado ana wiki mbili mkononi, anakuta chombo kilishatangazwa kuuzwa mwaka juzi. Mimi nimewahi kuwafanyia hivyo wachezaji wangu, wakanuna mwezi mzima.

Hatua ya 3: Marejesho yafuate safari, sio kalenda

Kutoka duniani kwenda Mirihi kwa njia inayobana mafuta ni kama miezi nane na nusu, na nafasi nzuri ya kuondoka inakuja kila baada ya miezi 26 hivi. Katikati hapo Mvumilivu inaelea tu, haijashusha mzigo, haijalipwa hata senti. Sasa mkopeshaji anayedai rejesho kila tarehe 5 ya mwezi anajitafutia hasara mwenyewe, labda kama amemlazimisha nahodha aache hela za miezi tisa kwenye akaunti kabla hajaondoka. Hiyo nayo ni njia, na ni ya kikatili vizuri tu kwa stori.

Ila wazee wa zamani walishalitatua hili. Kuna mkataba wa mkopo wa safari kutoka Athene, karne ya 4 kabla ya Kristo, maneno yake yamebaki mpaka leo. Wakopaji walitakiwa kulipa ndani ya siku 20 baada ya mzigo kufika salama. Riba ilikuwa 225 kwa kila elfu, na wakichelewa kuondoka kwa safari ya kurudi mpaka nyota ya Arcturus ichomoze alfajiri (sisi tunaiita Simaki) inapanda kuwa 300 kwa kila elfu, kwa sababu baada ya hapo bahari inachafuka. Yaani riba inapandishwa na nyota! Miaka zaidi ya 2,300 iliyopita. Ukikosa cha kuandika kwenye mkataba wako wa anga rudi hapo: ukiondoka ndani ya ile nafasi nzuri ya kuondoka riba hii, ukichelewa riba ile.

Na kwa mikopo ya namna hiyo, meli ikizama deni nalo limezama. Mkopeshaji anabeba hatari ya bahari, ndo maana riba yake ilikuwa juu kuliko mikopo ya nchi kavu, mpaka mfalme Justinian wa dola ya Roma akaja kuiwekea kikomo cha asilimia 12 mwaka 528. Ukiweka sheria kama hiyo angani umeshapata aina nyingine ya stori: nahodha mwenye deni kubwa na chombo kikuukuu, ambaye kikipotea tu deni limefutika. Utamuamini akikuambia kimegongwa na kimondo?

Hatua ya 4: Andika "kushindwa kulipa" maana yake nini

Watu wanadhani ni kukosa rejesho tu. Wapi. Mikataba ya kweli inakushika kwa vitu vingine kabisa na mara nyingi kabla hata hujakosa rejesho: bima imeisha hujaihuisha, umepeleka chombo eneo ambalo bima haifiki, umezima transponda (kifaa kinachotangaza chombo ni kipi na kiko wapi), umebadilisha usajili bila ruhusa, umekodisha kwa mtu mwingine, umekopa sehemu nyingine kwa dhamana hiyo hiyo. Chochote kati ya hivyo kinampa mkopeshaji haki ya kuliita deni zima lilipwe leo. Sio rejesho lililochelewa, deni zima. Nahodha wako anaweza kuwa analipa kila mwezi bila kuruka halafu akakamatwa kisa alizima transponda masaa sita akienda kumuokoa mtu. Hapo umepata mgogoro wa maana, sio mvivu wa kulipa tu.

Hatua ya 5: Bendera, na ile karatasi ya siku ya kwanza

Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unasema nchi iliyosajili chombo ndo inabaki na mamlaka juu yake kikiwa angani. Kwa hiyo swali la kwanza la mkopeshaji yeyote mwenye akili ni: kimesajiliwa wapi, na mahakama za huko zinatoa hukumu kwa mwezi au kwa miaka sita?

Kwenye ndege wamelimaliza kwa ujanja. Chini ya Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001, mkopaji anaweza kusaini mapema kabisa, siku ile ile anachukua ndege, karatasi isiyofutika inayompa mkopeshaji uwezo wa kuomba ndege ifutwe kwenye usajili na itolewe nchini. Anasaini akiwa na furaha, anapiga picha na funguo. Miaka mitatu baadaye ile karatasi inatolewa kabatini. Mpe nahodha wako tukio hilo mwanzoni kabisa mwa stori, apitishe kidole juu ya karatasi kumi na moja bila kusoma, na usiseme chochote zaidi.

Walijaribu kufanya hivyo hivyo kwa vitu vya angani, itifaki ikapitishwa Berlin Machi 2012, haijaanza kutumika mpaka naandika hapa. Ila ina kitu kizuri cha kuiba: kama satelaiti inatoa huduma ya umma, mkopeshaji hawezi kuizima siku hiyo hiyo, lazima atoe taarifa na asubiri kati ya miezi 3 na 6. Hamishia kwenye stori: chombo kilichokamatwa ndo pekee kinachopeleka maji kwenye kituo cha watu elfu mbili. Dalali ana hati halali mkononi na watu elfu mbili wanamwangalia.

Hatua ya 6: Kumkamata

Sasa tumefika. Elewa kwanza kwamba angani ni vigumu mno kujificha na vigumu zaidi kukamata.

Kujificha: Voyager 1, chombo cha utafiti kisicho na watu, ilirushwa 1977, redio yake ina nguvu ya wati 23 hivi, kama taa ndogo ya ndani tu, iko zaidi ya kilomita bilioni 20 kutoka hapa, na bado tunaisikia. Ni kweli yenyewe inataka kusikika na tunajua pa kuielekezea antena, lakini chombo chenye watu ndani kina joto, kinang'aa kwa infraredi (mnururisho wa joto usioonekana kwa macho) kwenye giza lililopoa vibaya, na kikiwasha injini ndo kabisa, kila mwenye darubini anakiona.

Kukamata: hata ukimuona, kumfuata kunataka mafuta ya kufikia kasi yake, alafu mafuta ya kurudi, na ukimfikia huwezi kumvuta sikio. Unamuona miezi nane mfululizo, kila siku, kanukta kanatembea, na huna la kumfanya. Lakini njia yake unaijua. Chombo kikishazima injini kinaelea kwenye njia inayohesabika, anafika wapi na tarehe ngapi unaweza kuandika ukutani. Kwa hiyo dalali hakimbizi mtu. Dalali anapanda chombo cha abiria, anatangulia, anakodi chumba karibu na gati, anakunywa chai anasubiri. Hicho ndo kitu cha kuogofya, we uko njiani unajua kabisa yupo pale anakusubiri na huna mafuta ya kwenda kwingine.

Vipi kuzima injini kwa mbali? Kwenye magari ya mkopo vifaa hivyo vipo, ukichelewa kulipa gari haliwaki. Usikimbilie kuvileta angani. Mvumilivu ikikaribia Mirihi lazima iwashe injini ili ipunguze kasi ishikwe na mvuto wa sayari, ukiwa umeifunga haisimami, inapita moja kwa moja na watu wako wanaishia gizani. Hapo sio kukamata dhamana tena, ni mauaji, na dhamana nayo imekwenda. Alafu kuna ucheleweshaji wa mawimbi: dunia mpaka Mirihi ujumbe unachukua dakika 3 hadi 22 kutegemea sayari ziko upande gani. Nahodha ametuma malipo, benki imetuma amri ya kufunga, zimepishana njiani kama watu wawili kwenye ngazi, nani kawahi? Na kama ni kati ya nyota, Proxima, nyota iliyo karibu zaidi na jua letu, ni miaka nuru 4.24, amri inafika wakati aliyeitoa ameshastaafu. Kwa hiyo weka kufuli linalofanya kazi chombo kikiwa kimefungwa gatini tu, na mpe mkopeshaji wakala mwenye hati tayari katika kila bandari, asiyehitaji kuuliza makao makuu.

Lile tukio lenyewe liandike dogo. Baharini hati ya kukamata meli inabandikwa kwenye meli yenyewe, mlingoti au kioo cha chumba cha kuongozea meli. Fanya hivyo hivyo. Anakuja mama mmoja wa makamo, kabeba mkoba, kavaa sweta kwa sababu gatini kuna baridi. Anagonga mlango wa hewa, anasubiri ufunguliwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. We ndo nahodha?"

"Ndiyo, mimi."

"Haya." Anatoa karatasi, anaikata selotepu kwa meno, anaibandika kwenye kioo cha mlango, anapitisha kiganja juu yake mara mbili isije ikabanduka pembeni. "Hiki hakitoki hapa mpaka mahakama iseme. Hewa na maji mtapata, hayo hayakatwi. Mafuta hamuuziwi. Nisainie hapa kwamba umeiona."

Hajabeba silaha na hana haja nayo. Bandari nzima imeshapata nakala: anayeuza mafuta, anayefungua ndoano za gati, anayetoa kibali cha kuondoka. Kama unataka kumpa nahodha njia ya kutoka lazima awapite hao watatu, na kila mmoja ana bei yake.

Hatua ya 7: Panga foleni ya wadai

Hii fupi lakini usiiache. Meli ikikamatwa na kuuzwa, hela haziendi zote kwa benki. Kwa kawaida zinaanza gharama za mahakama, halafu waliookoa chombo kama kuna aliyekiokoa, mishahara ya mabaharia, ushuru wa bandari, ndo benki yenye rehani inafuata. Mpangilio unatofautiana nchi na nchi ila mishahara karibu kila mahali iko mbele ya benki. Kwa hiyo fundi wa injini ambaye hajalipwa miezi saba anaweza kukikamata chombo yeye mwenyewe, kabla ya benki, na nahodha anayemuita ndugu kila siku hana la kusema. Na mabaharia wanaweza kujikuta wanaombea mnada ufanyike haraka wakati nahodha anahangaika kuuzuia. Meza moja, chakula kimoja, maombi tofauti.

Hatua ya 8: Mnada, na kwanini benki inauogopa kuliko nahodha

Mwaka 1999 kampuni ya simu za satelaiti ya Iridium ilishindwa kulipa madeni ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mtandao wake wa satelaiti 66 uligharimu kama dola bilioni 5. Ulikuja kununuliwa kwa kama dola milioni 25, na kabla ya hapo mpango uliokuwa mezani ulikuwa kuzishusha zote zikaungue angani. Nusu ya asilimia moja ya gharama! Chombo kilichokamatwa mahali ambapo hakuna wanunuzi ni chuma tu, na kila siku kinakula ushuru wa gati na walinzi.

Ndo maana mkopeshaji mwenye akili huanza na mazungumzo: asogeze tarehe, akubali kulipwa riba tu kwa mwaka mmoja, achukue mzigo wa safari inayofuata kama dhamana ya nyongeza. Andika hayo mazungumzo. Benki inajifanya iko tayari kupiga mnada kesho, nahodha anajifanya hajali, na wote wawili wanajua kwenye mnada ule atakuja mnunuzi mmoja tu, muuza vyuma chakavu.

Hatua ya 9: Mwachie mdaiwa matundu machache

Tundu la kwanza ni kinga. Oktoba 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la wanamaji la Argentina, ARA Libertad, ilikamatwa bandari ya Tema nchini Ghana kwa maombi ya mfuko wa uwekezaji uliokuwa unaidai Argentina kwa hati za mkopo ambazo nchi hiyo ilishindwa kulipa mwaka 2001. Ilikaa pale zaidi ya miezi miwili, imeziba gati mpaka bandari ikajaribu kuihamisha kwa nguvu, na ikaachiwa Desemba baada ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kuamuru, kwa hoja kwamba meli ya kijeshi ina kinga. Nahodha wako anaweza kukimbilia huko, akakodisha chombo kwa jeshi la sayari fulani kwa krediti moja kwa mwaka, akapaka rangi ya kijivu. Itabidi avumilie kupokea amri tu.

La pili ni bandari ambayo haiitambui hukumu ya mkopeshaji. Zipo, ila mafuta yao ghali na kila anayetia nanga pale anajulikana anakimbia nini.

La tatu ndo nalipenda. Deni lisilolipika huuzwa. Benki ikichoka inamuuzia mtu mwingine haki ya kudai, deni la milioni 30 linaenda kwa milioni 2, na huyo mpya ndo anageuka mdai. Sasa nahodha akikusanya hizo milioni 2, akampa binamu yake, binamu akaenda kulinunua? Mikataba mingi mizuri ina kifungu cha kuzuia hilo. Kama stori yako imefika katikati na bado unataka iendelee, sahau kukiandika hicho kifungu, halafu amua binamu ni mtu wa namna gani.